Hija Ndani ya Kenya: Mahali Patakatifu pa Dini Mbalimbali

Makala haya ni ya somo, kwa hiyo shikeni kalamu. Nataka tuizunguke Kenya bila kulipa nauli, tuone mahali ambapo watu wa dini mbalimbali hufunga safari kwenda kuomba, kushukuru, kutambika au kutimiza nadhiri. Wengi wetu tukisikia neno hija, mawazo huruka moja kwa moja hadi Makka, Yerusalemu au Roma. Ni kweli, huko ndiko kwenyewe. Lakini nauli ya huko wengi wetu tutaisikia redioni tu, ilhali kuna mahali patakatifu humu humu nchini ambapo matatu inafika, na pengine hata baiskeli.

Kwanza tuelewane juu ya maneno, maana sisi ni chama cha lugha. Neno hija limetoka katika Kiarabu. Kwa Mwislamu, hija ni nguzo ya tano ya dini yake, na pa kuhiji ni pamoja tu, Makka, tena katika mwezi wa Mfungo Tatu. Kwenda kwingineko, kwa mfano kwenye kaburi la mtu mwema, si hija bali ni ziara. Ukimwambia Mwislamu kwamba watu huenda kuhiji Lamu, atakukosoa hapo hapo, na ana haki. Kitenzi kuzuru ni ndugu wa hilo neno ziara. Wakristo, hasa Wakatoliki, wao hulitumia neno hija kwa safari yoyote ya sala, na wasafiri wenyewe huitwa mahujaji. Sisi Wamijikenda hatusemi hija wala ziara. Twasema tu kwamba wazee wameingia kaya, na kila mtu anaelewa kwamba kuna jambo. Basi ndani ya makala haya nikisema hija kwa jumla, Waislamu wenzangu mniwie radhi, ni kwa kukosa neno moja la kutubeba sote.

Nitaanzia kwetu, maana mcheza kwao hutunzwa.

Wamijikenda ni makabila tisa, na jina lenyewe linasema hivyo: miji kenda, yaani miji tisa, kwa kuwa kenda ni tisa kwa Kiswahili cha zamani. Nao ni Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Wajibana, Waribe na Warabai. Wazee husimulia kwamba babu zetu walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakikimbia maadui, wakaja kujenga juu ya vilima ndani ya misitu minene. Hizo ngome ndizo kaya, na neno kaya maana yake ni nyumbani. Wataalamu wanasema zilianza kujengwa karne ya 16. Katikati ya kaya lilizikwa fingo, yaani kago la kuulinda mji, na njia za kuingilia zilikuwa chache zenye malango. Amani ilipokuja watu walishuka mabondeni kulima, na kufikia miaka ya 1940 hakuna tena waliokuwa wakiishi ndani. Lakini kaya hazikutupwa. Ziligeuka kuwa makao ya wahenga, mahali pa kuombea mvua na kuondolea balaa.

Huingii kaya kama unavyoingia sokoni. Hukati mti, huchungi mbuzi ndani, huondoki na hata ukuni mmoja, na hupiti popote bali njia iliyowekwa. Kule Kaya Kinondo, Kaunti ya Kwale, wageni hukaribishwa lakini kila mmoja hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kukanyaga ndani. Ukiwa waziri, ukiwa mtalii, kaniki utafungwa. Mimi sheria hii naipenda sana kwa sababu inamfanya kila mtu awe mgeni sawa na mwenzake.

Matokeo ya miiko hiyo unaweza kuyaona kwa macho. Simama barabarani upande wa Kaloleni uangalie vilima: sehemu nyingine ni mahindi na minazi na udongo mwekundu, halafu ghafla unaona kilima kimoja kina kichwa cha msitu mweusi tii. Hapo ni kaya. Mwalimu wetu wa bayolojia hutuambia kwamba miti mingine ya humo ni adimu, na sababu ya kubaki si askari wa misitu, ni mwiko. Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa zinazolindwa na sheria mwaka wa 1992. Mwaka wa 2008 shirika la UNESCO likaziingiza katika orodha ya turathi za dunia, sehemu kumi za misitu zilizotapakaa katika eneo la kilomita 200 hivi kandokando ya pwani. Mwaka uliofuata, 2009, mila zenyewe za kaya zikatiwa katika orodha nyingine, ile ya mila zinazohitaji kuokolewa haraka. Soma tena maneno hayo: zinazohitaji kuokolewa haraka. Nitaeleza kwa nini.

Kaya ziliwahi kupigwa kabla ya leo. Mwaka wa 1913 Waingereza walitaka Wagiriama walipe kodi na watoe vijana wa kufanya kazi ya kulazimishwa. Akasimama mama mmoja mjane, Mekatilili wa Menza, akazunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu na kuwakusanya watu. Alipopata umati aliwapeleka Kaya Fungo wakala kiapo cha kutoshirikiana na serikali. Angeweza kuwakusanya sokoni, lakini alichagua kaya kwa kuwa neno lililosemwa pale lilikuwa na uzito ambao neno la sokoni halina. Waingereza nao waliuelewa uzito huo. Walimkamata pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka mbali kule magharibi ya nchi, nao wakatoroka wakarudi kwa miguu. Mwezi wa Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Mtu halipui msitu mtupu kwa baruti, jamani. Walijua wanalipua nini.

Halafu kuna wizi wa vigango. Hapa Wakatoliki watacheka, kwa sababu kwao kigango ni kanisa dogo lililo chini ya parokia. Kwa Wagiriama kigango ni nguzo ya mti iliyochongwa kwa ukumbusho wa mzee aliyekuwa katika chama cha Gohu. Kikishasimikwa hakihamishwi, kitasimama mpaka mchwa na mvua vikimalize. Basi katika miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viling'olewa usiku na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia katika majumba ya makumbusho na sebule za matajiri Marekani. Wenyewe walisema tangu vilipoibwa, mvua zilikatika na watoto wakaugua. Vingine vimeanza kurudi. Mwaka wa 2007 viwili vya familia moja vilirudishwa, na mwaka wa 2023 jumba la makumbusho la jimbo la Illinois lilirudisha vingine 37. Sasa kuna swali ambalo wazee wenyewe wanabishania: nguzo iliyong'olewa miaka mingi na hatujui kwao ni wapi, inasimikwa kwenye boma la nani?

Lakini hatari kubwa kuliko zote haitoki Marekani, iko hapa hapa. Kaya haina kitabu. Maombi, majina ya miti, mipaka na miiko, vyote viko vichwani mwa wazee. Na katika Kaunti ya Kilifi wazee wanauawa. Mtu akiota mvi, mjukuu wake au mpwawe anaanza kunong'ona kwamba ni mchawi. Kisa na maana? Mara nyingi ni shamba. Wazee wengine wamekimbilia Kaya Godoma, kule Ganze, kwa sababu pale ndani hakuna atakayethubutu kuwagusa. Fikirieni hilo: mahali pa kuombea mvua pamekuwa mahali pa kukimbilia watoto wako mwenyewe. Babu yangu, ambaye sisi twamwita tsawe, hupaka nywele zake rangi nyeusi kila mwezi. Si kwa ujana. Huagiza rangi dukani kama mtu mwingine anavyoagiza dawa ya malaria. Yeye ndiye aliyenieleza maana ya fingo, na ndiye aliyenitajia miti mitatu ya kaya ambayo sijaiona katika kitabu chochote. Akiondoka yeye na wenzake wanne watano wa kijiji chetu, nani atanitajia wa nne?

Siwezi kuandika juu ya misitu na ibada katika kaunti hii nikaruka Shakahola. Mwaka wa 2023 ilijulikana kwamba mamia ya watu walikuwa wamefuata mafundisho ya kufunga kula mpaka kufa, huko msituni bara ya Malindi, wakiamini kwamba ndiyo njia ya kumwona Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na wengi walikuwa watoto. Baada ya hapo nimesikia watu wakisema, ati unaona, haya mambo ya kwenda msituni kuomba ni ya shetani yote. Hapo ndipo nakataa. Mtu akiingia kaya, anaingia mchana, watu wa kijiji wanajua, anaingia na wenzake, na jioni anarudi kula ugali wake. Hujaji wa Subukia anarudi na maji kwenye mtungi. Haji wa Makka anapokelewa kwa dufu na familia yake. Katika hizi safari zote ninazoziandika hapa kuna kwenda na kuna kurudi, na anayekuzuia kurudi hakupeleki kuhiji. Pia mahujaji hawanyang'anywi watoto wao, wala hawaachishwi shule na hospitali. Nimeyaandika haya kwa sababu baadhi yetu tuna jamaa waliopotelea kule, na si vizuri watoto wenzao shuleni wakisikia dini zote zinatiwa kapu moja.

Tuendelee na safari. Kabla ya kuondoka Pwani tupite Rabai, si mbali. Hapa mmishonari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, alianza kituo pamoja na mwenzake Rebmann mwaka wa 1846. Wakristo wengine huja kuiona sehemu hii kama chimbuko la kanisa lao nchini. Sisi wa Chama cha Kiswahili nasi tuna sababu yetu ya kuzuru, kwani Krapf ndiye aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka wa 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Na jambo la kufurahisha ni kwamba kaya za Warabai ziko hapo hapo karibu. Kengele ya kanisa na msitu wa wahenga vimekuwa majirani kwa zaidi ya miaka 170 na hakuna kilichomla mwenzake.

Sasa tupande basi la Nairobi. Mkishapita Mtito Andei na Kibwezi, kondakta atatangaza Makindu, na utaona abiria wengine wakichangamka. Hapa ndipo pana hekalu la Wasikhi, ambao mtaani tunawaita Makalasinga. Historia yake ni historia ya reli. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896 na ukafika ziwani Kisumu mwaka wa 1901. Waingereza walileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na wengine kwa simba wa Tsavo, kisa ambacho nyote mnakijua. Miongoni mwao walikuwamo Wasikhi, mafundi wa chuma, wa mbao na wa mawe. Makindu ilikuwa stesheni kubwa ya kazi. Walianza kwa kukusanyika jioni kuimba sifa za Mungu, na mwaka wa 1926 wakajenga hekalu lenyewe. Kazi za reli zilipopungua Wasikhi wengi walihama Makindu, lakini hekalu likabaki, na leo hii Wasikhi husafiri kutoka Nairobi, Mombasa, Kisumu na hata ng'ambo kuja kuhiji hapa.

Kinachoniajabisha ni jiko. Katika dini ya Wasikhi kila hekalu lina jiko liitwalo langari, desturi iliyotokana na mwanzilishi wa dini yao, Guru Nanak, aliyezaliwa Punjab mwaka wa 1469. Katika India ya wakati ule watu wa matabaka tofauti hawakuwa wakila pamoja. Guru Nanak akafundisha kwamba wote wale chakula kimoja, tajiri na maskini, bila kuulizwa ukoo wala dini. Makindu wanaifuata sheria hiyo sawasawa. Ukishuka pale, hata kama wewe ni utingo wa lori mwenye mafuta mpaka masikioni, unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa, unanawa mikono, unapewa chapati, dengu, mboga na chai ya maziwa. Bei yake? Hakuna. Ukitaka kutoa sadaka kuna mahali pa kuitia, usipotaka hakuna atakayekutazama vibaya. Wana vyumba vya wasafiri pia. Nyama, pombe na sigara usilete.

Mjomba wangu, dereva wa malori tangu ujana wake, ni Mwislamu anayeswali swala zote tano. Anasema amekula Makindu mara zisizohesabika, na kwamba chakula hakina nyama, kwa hiyo hakimpi wasiwasi wa halali na haramu. Nilipomuuliza kama anahisi amekwenda kwenye ibada ya wengine, alinijibu: "Mwanangu, mimi nilikuwa na njaa, wao walikuwa wakiabudu. Kila mtu alifanya lake." Jibu hili nimelitafakari sana. Kwa Wasikhi kukulisha wewe ndiyo sala yenyewe. Kwa hiyo mgeni anayekula pale ana sehemu katika ibada hata kama hajui. Ukumbi wa sala uko kando, na kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, kimewekwa juu ya kiti cha heshima kama mfalme. Hukupewi mgongo wala miguu kukielekea.

Tungeendelea na Nairobi lakini nataka nirudi nyuma kwanza, hadi Lamu. Najua ni njia ya kuzunguka. Wasafiri wa kweli hupotea njia kidogo.

Kila mwaka katika mwezi wa Mfungo Sita, Lamu hujaa. Watu huja kutoka Mombasa, Tanzania, Visiwa vya Ngazija na kwingineko kwa ajili ya Maulidi, yaani kuadhimisha kuzaliwa kwa Mtume Muhammad. Kitovu cha sherehe ni Msikiti wa Riyadha, na mtu aliyeuanzisha ni Sayyid Swaleh bin Alawi Jamalilel, mashuhuri kwa jina la Habib Swaleh. Alizaliwa Ngazija akaja Lamu akiwa kijana. Wakati huo mji ulikuwa umegawanyika vibaya. Wenye mji walikaa nyumba za mawe, na elimu ya dini ilikuwa mali yao na ya watoto wao. Watumwa, waliokuwa watumwa na wageni maskini walikuwa na vibanda vya makuti upande wa Langoni, na hakuna aliyejali kama wanajua kusoma. Habib Swaleh, japokuwa yeye mwenyewe ni sharifu wa ukoo wa Mtume, alikwenda kukaa na hao. Akawafundisha Kurani, akawatibu wagonjwa wao, akajenga Riyadha huko huko mwishoni mwa karne ya 19. Akaleta namna ya kusoma maulidi iliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Hadhramaut, ikaimbwa ndani ya msikiti kwa matari. Wakubwa wengine wa mji hawakufurahia. Vipi ngoma ziingie msikitini, tena na watu wa aina hiyo? Alifariki mwaka wa 1935, na siku hizi wajukuu wa wale waliokunja nyuso wanapigania nafasi ya kukaa karibu na kaburi lake.

Rafiki yangu mmoja, mamake ni wa Lamu, amekwenda mara tatu. Ananieleza kwamba mchana kuna mashindano ya punda, ya majahazi, ya bao na ya kuogelea, na wazee wanacheza goma kwa bakora wakiwa wamevaa kanzu nyeupe pe. Usiku ndio usomaji wenyewe. Siku ya mwisho watu hufanya ziara kaburini halafu zefe inazunguka mjini, matari yanalia, vijana wanayumba safu kwa safu kama mawimbi. Mji Mkongwe wa Lamu nao uko katika orodha ya turathi za dunia, tangu mwaka wa 2001, na vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wakikutana mmoja lazima awe na adabu.

Nisiwafiche kwamba Waislamu wenyewe hawakubaliani juu ya Maulidi. Wako wanaosema ni bidaa, yaani jambo la kuzushwa ambalo Mtume hakulifanya, na kwamba kuzuru makaburi kunaweza kumteleza mtu akamwomba maiti badala ya Mungu. Wanaoadhimisha wanajibu kwamba wanamsifu Mtume na kumwombea marehemu, hawamwombi marehemu. Mimi si Mwislamu, hivyo sitii mguu wangu humo. Nimeleta habari hii ili msidhani kwamba ubishi wa dini ni baina ya dini na dini tu. Mwingi uko ndani ya nyumba.

Huku bara nitakwenda kasi maana mhariri amenipa kurasa chache. Subukia, Kaunti ya Nakuru, ndipo penye mahali pa kitaifa pa Wakatoliki pa kumheshimu Bikira Maria. Kila mwezi wa Oktoba maaskofu na waumini kutoka kila jimbo hukusanyika hapo kwa siku ya kuiombea nchi, na juu mlimani kuna chemchemi ambayo watu huteka maji yake wakapeleka nyumbani. Wafuasi wa Legio Maria, kanisa lililozaliwa Nyanza mwaka wa 1963, wana mlima wao wa Got Kwer katika Kaunti ya Migori, alikozikwa kiongozi wao Simeo Ondeto aliyefariki mwaka wa 1991.

Karibu na Kisumu, njia ya Bondo, kuna miamba mikubwa iliyobebana iitwayo Kit Mikayi, maana yake jiwe la mke wa kwanza. Wanasema kulikuwa na mzee aliyeyapenda mawe hayo mno, akishinda huko mchana kutwa, hadi mkewe akawa akiulizwa mumeo yuko wapi, anajibu: amekwenda kwa mke wake mkubwa. (Wasichana wa Kidato cha Tatu waliposikia hadithi hii walisema mama huyo alikuwa na subira ya kupita kiasi.) Leo waumini wa makanisa mbalimbali huomba na kufunga katika mapango ya hapo, na kwa hiyo jiwe la mila za Waluo limekuwa pia hekalu la Wakristo.

Na Mlima Kenya je? Wagikuyu waliuita Kirinyaga, na wazee wao husali wakiuelekea, mikono juu. Waembu na Wameru wanauheshimu vilevile. Una urefu wa mita 5,199. Kule Murang'a, Mukurwe wa Nyagathanga, ndipo Wagikuyu wanaposema Gikuyu na Mumbi walianzia maisha. Watu wengi hawajui kwamba jina la nchi hii limetokana na mlima huo, jinsi Krapf alivyolisikia kwa Wakamba alipouona akiwa Ukambani mwaka wa 1849. Kwa hiyo kila ukiandika neno Kenya juu ya karatasi ya mtihani, unaandika jina la mahali patakatifu. Hilo halikuongezei alama, lakini ndivyo lilivyo.

Sasa nije kwenye ubishi uliofanya niandike makala haya. Muhula uliopita chama chetu kilipanga safari ya kwenda kuiona kaya moja ya karibu, tujifunze msamiati wa misitu na mila. Mambo yalipamba moto. Wengine walisema wazazi wao hawatawaruhusu kwa kuwa huko kuna mapepo. Mmoja alisema mchungaji wao amekataza hata kuitazama. Mwingine akauliza, mbona mwaka juzi tulizuru Fort Jesus, walikofia watu wengi, na hakuna aliyeogopa mapepo? Safari ikavunjika.

Mimi naona tulichanganya mambo mawili, kuzuru na kuabudu. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inasema hakuna dini ya taifa, na kila mtu ana uhuru wa kuamini na kuabudu. Uhuru huo una maana kwamba hakuna anayeweza kukulazimisha kuinama, na pia hakuna anayekukataza kuangalia. Kaniki kiunoni, kitambaa kichwani, viatu mlangoni, hizo ni adabu za mwenye nyumba. Mgeni akikuta kwenu mnanawa mikono kabla ya kula, akinawa haimaanishi amekuwa wa ukoo wenu. Hata hivyo mwanafunzi ambaye dhamiri yake inamkataza asichekwe. Abaki, na wenzake wamletee maelezo. Ninachopinga ni mtu mmoja kuogopa, kisha darasa zima linyimwe.

Mwenye kwenda, azingatie haya: uliza kabla ya kupiga picha, usiokote chochote, ongea kwa sauti ya chini, usile ulichokikuta kimewekwa kwa ibada, na ukiambiwa mwisho ni hapa, mwisho ni hapo. Tsawe huongeza moja ambayo sijaisoma popote: usiulize maswali mawili mfululizo. Uliza moja, unyamaze, mzee amalize.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti ya hija, ziara na tambiko. Tunga sentensi moja kwa kila neno.

2. Neno kigango lina maana gani kwa Mkatoliki na kwa Mgiriama? Tafuta neno jingine la Kiswahili ambalo watu wa dini mbili hulitumia kwa maana tofauti.

3. Muulize mzee wa kwenu jina la mti, mlima, chemchemi au jiwe ambalo watu walikuwa wakiomba hapo. Andika jina hilo kwa lugha yake na ueleze maana yake kwa Kiswahili. Andika pia jina la mzee mwenyewe iwapo amekubali, na kama hakukubali, usiandike.

4. Jadilianeni: vigango vilivyorudishwa bila kujulikana vilitoka boma gani viwekwe wapi?

Majibu ya swali la tatu yapelekewe katibu wa chama kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula. Tayari daftari lina majina kumi na moja, na matatu kati ya hayo ni ya tsawe.